Manyunyu ya Siku ya Mkutano

Mzee Shekimweri hakuwa na cheo, hakuwa na wakili, wala hakuwa na cheti ila kile cha shule ya jioni. Alichokuwa nacho tele ni shaka. Kila mara Ofisi ya Mawingu, inayogawa jua na mvua mjini, ilipotaka jambo mtaani, siku ya mkutano yalianguka manyunyu ya baridi. Watu walifika wamejikunyata, wakapiga miayo, wakanyoosha mikono kukubali. Ndivyo soko lao lilivyochukuliwa. Leo zilikuwa zinajadiliwa nyumba zao, ambazo Ofisi ilizitaka, na manyunyu yalianza tangu alfajiri.

"Wanatubembeleza tulale kama vitoto," alisema. "Mkutanoni siendi. Nawapinga kwa barua."

"Na wewe kwa kushuku! Uji ukiungua utasema ni Ofisi," alicheka mkewe, Mama Semeni, akimfunika shuka mabegani. "Haya, andika."

Aliandika kwa hasira: *Nyumba hii siitoi.* Juu yake mvua iliguguna bati taratibu. Mkono ukawa mzito. Akafuta neno lililoonekana kali mno, kisha jingine.

Mama Semeni alichungulia: *Nyumba hii naitoa, mradi nipate pa kulala.*

Kicheko kikamkauka. "Baba Semeni, ndivyo ulivyotaka?"

"Ndivyo, mke wangu," alijibu, kwa upole ambao mkewe hakuwahi kuusikia kwake tangu waoane. Akapiga mwayo, akalamba gundi ya bahasha, akaifunga, akaitumbukiza katika tundu la posta ukutani, nalo likaivuta kuipeleka Ofisini.