Majivu Chini ya Kucha

Mama Bénédicte aliushika mkono wangu, akaugeuza, akaziangalia kucha. Chini yake kulikuwa na majivu.

Akina mama wanne waliokaa mkekani nyuma ya kanisa waliinama kuziangalia. Hapa Kalembe maharage ya mbegu tunayachanganya na majivu ili wadudu wasiyatoboe. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Nilikuwa nimekuja kusema uongo. Kila Alhamisi wanakutana hapo, kila mmoja anataja alichokula kwa siri bila njaa. Mimi nilitaka kusema ninasalimia tu.

"Ulikula mbegu?" akauliza.

"Nilikula, mama."

Mume wangu alizichagua moja moja, juma moja kabla hajauawa njiani. Tangu tumzike, ninakula hata nikiwa nimeshiba. Asubuhi hiyo nilizipika, nikala sufuriani nikiwa nimesimama, mpaka nikatapika. Kisha nikaendelea kula.

"Zote? Na mvua njo hii inafika, utapanda nini?"

"Zote."

Alicheka kidogo, bila furaha. "Mimi nilikula chakula cha watoto, wakilia mbele yangu. Sogeeni, huyu iko mwenzetu."

Walisogea. Nilikaa. Muda mrefu nilishika fundo la kitenge changu, kwa sababu nilikuwa nimewadanganya: nyingine zilikuwa bado humo. Njiani nilikuwa nikizitafuna mbichi.

Nilifungua fundo. Zilizobaki hazikujaza kiganja.

"Muniwekee," nikasema. "Nisirudi nazo nyumbani."