Foleni ya Hospitali

Mwanafunzi alikuwa anasubiri usaili wa kazi ya kompyuta aliposikia, nyuma ya mlango, binti aliyemtangulia akijinadi: "Nilitengeneza mfumo wa foleni ya hospitali."

Akaitazama CV yake mkononi. Maneno hayohayo yalikuwamo. Jamaa wa steshenari aliyemchapia ndiye aliyeyapachika, akaifuta programu halisi ya mwanafunzi, ya kuhesabu mayai ya kuku wa mama yake.

"Mayai yanatia aibu, mdogo wangu," jamaa alikuwa amemwambia. " Wewe kariri hii."

Jasho la kidole gumba lilikuwa limelowesha pembe ya karatasi. Pembeni yake kijana mwenye tai, macho kafumba, alinong'ona: "...foleni ya hospitali..."

Mlango ukafunguliwa. Bosi akachungulia.

"Kuna mwingine katengeneza hospitali?"

Benchi zima likainamia viatu.

"Haya, wewe uliyeinama zaidi," akamnyooshea mwanafunzi kidole. " Ingia."