Radieta ya Ghorofa ya Juu

"Angalia mguu wako! Unanichafulia parquet!"

Maji meusi yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye radieta kuukuu ya kupashia chumba joto na kuingia kwenye beseni, wala tone halikuwa limegusa sakafu. Lakini Papa Constant, mzee wa Kikongo mwenye nyumba, alikuwa amenuna tangu fundi alipobonyeza kengele, na aliyenuna hakosi la kusema.

Fundi mwenyewe, Mansour, Mrundi wa Buyenzi, alilisogeza beseni karibu zaidi. Akafunga koki, akaichomoa radieta ukutani, akaibeba peke yake hadi chini kwa zile ngazi nyembamba. Constant akamfuata nyuma kama polisi. Akapanda naye tena vilevile.

Alikuwa na sababu yake. Jumapili, baada ya misa, Maman Antoinette, muumini mwenzake, alimvuta kando akamnong'oneza kwamba Chloé, binti yake Constant, ana mwanamume. Mrundi, Mwislamu, mtu wa kazi za mikono, tena anataka kuoa. Na leo, lo! Chloé huyohuyo, bila kumwuliza mtu, kaita fundi abadilishe radieta za nyumba nzima, na fundi mwenyewe Mrundi! Constant hakuwa mtoto wa kuchezewa. Huyu amekuja kupeleleza ukweni.

Mke wa Constant alikuwa ameshazikwa, wavulana wake wamehamia Kanada. Katika nyumba hii ya mtaa wa Forest, huku Ulaya, alibaki na Chloé tu. Akiolewa, mzee atabaki kuongea na redio. Aliogopa hilo kuliko kifo, na hofu yake ikawa inamtoka kwa matusi.

"Kwenu Bujumbura munajua baridi, weye? Nani alikufundisha chauffage?"

"Kupasha nyumba joto nilifundishwa hapahapa, mzee."

"Hapahapa! Na kuingia mu nyumba za batu na kutamani bya batu, ulifundishwa wapi?"

Mansour alimtazama kidogo. "Mzee, mimi nashughulikia radieta."

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Constant yeye alisema toka waziwazi, asubuhi nzima, ila fundi hatoki kazi ikiwa nusu.

Radieta mpya zilipokwisha kutundikwa zote, Mansour akasema sasa ni kujaza maji na kutoa hewa, kuanzia chini kwenda juu. "Mtu mmoja akae kave, kule chini ya nyumba, karibu na chaudière inayochemsha maji, atazame mshale wa presha. Ukishuka, afungue maji. Bila hivyo hatumalizi."

Constant akafikiri haraka. Akishuka yeye, hawa wawili watabaki huku juu peke yao. Thubutu!

"Chloé! Shuka ku cave. Bakia kule, usipande mpaka mi nikuite. Nitakupigia telefone."

Chloé, ambaye hubishana na baba yake hata juu ya chumvi ya mchuzi, siku hiyo hakutoa neno. Alivaa koti lake zito na skafu, maana nyumba ilikuwa imepoa vibaya, akateremka. Constant nusura acheke. Ghorofa tatu kati ya fisi na mbuzi!

Radieta za sebuleni zilipumua vizuri: ssss, kisha maji. Za ghorofa ya kati zikapumua pia, ingawa kwa uvivu. Kila mara Constant alipiga simu na kuweka spika.

"Chloé, pression?"

"Un et demi, papa."

Walipofika juu kabisa, kazi ikakwama. Mansour alifungua tundu la hewa kwa kifunguo chake kidogo. Hakuna hewa, hakuna maji. Akafunga koki, akafungua, akagonga bomba.

"Hebu muulize tena."

"Chloé, pression?"

"Un et demi, papa."

"Haiwezekani," Mansour akasema. "Mshale ukiwa kwenye moja na nusu, maji lazima yafike huku."

"Ehee! Alors, mutoto wangu ni mwongo?" Constant alimsogelea hadi wakakaribia kugusana pua. "Minakuona, weye. Unavuta kazi makusudi, ukae, ukae, mpaka upewe chakula, uitwe mukwe. Mi ningali hai! Huyu mutoto hatoki mu nyumba yangu. Siku utamubeba, utanibeba na mi mu sanduku!"

Mansour alitupa kifunguo sakafuni. Subira ilikuwa imemwisha. "Mzee, tangu asubuhi unanitukana, ninameza. Mimi simjui mukwe wala nani. Twende kave tukauone huo mshale, halafu nashika njia yangu."

"Bakia hapa! Unataka kumufuata kule chini, hein?" Constant alimsukuma kifuani. "Nitaenda mi mwenyewe."

Akateremka akihema, mkono mmoja ukutani. Mansour akamfuata hivyohivyo, naye hasira zimempanda.

Taa ya kave ilikuwa inawaka. Mshale wa presha ulikuwa umelala kwenye sifuri. Karibu na chaudière hapakuwa na mtu.

Constant aligeuka akamwangalia fundi, aliyesimama kwenye ngazi mikono mitupu. Fundi naye akamwangalia. Mzee akabonyeza simu.

"Chloé," akasema polepole, "pression?"

"Un et demi, papa," Chloé akajibu upesi, sauti ya mtoto mtiifu. Nyuma yake kipaza sauti kilitangaza treni ya uwanja wa ndege, kwa Kifaransa kisha kwa Kiflamandi, na mwanamume mmoja akaita, "Mke wangu, panda, milango inafungwa!"