Bomba la Samadi

Mokeira alitumbukiza mkono hadi begani ndani ya bomba la mtambo wa gesi aliojijengea mwenyewe. Lilikuwa limeziba mara ya nne. Uvundo wa samadi ukampiga usoni, akageuza kichwa pembeni.

"Chai ya gesi ya mavi mimi siinywi," alisema mama mkwe mlangoni, akatema mate. "Wacha hii uchafu, upike na kuni kama wengine."

Vidole vikanasa kitu. Akakivuta, samadi ikimchuruzika kwapani.

Ilikuwa leso iliyofungwa fundo, ile yenye maua mekundu ambayo mama mkwe alilia kanisani kwamba imeibwa.

Mokeira aliitandaza nyasini, miguuni pa mama mkwe.

"Leso yako imepatikana, Mama. Ngoja niangalie kama iko ingine."

Akarudisha mkono bombani.