Barua ya Askari kwa Mama

Mwaka 1953, Waitara, katekista wa misheni moja ya Tarime, alikuwa akimsaidia padri kusoma picha za barua za kale kutoka Misri. Ziliandikwa kwa Kigiriki juu ya mafunjo, enzi za Warumi. Padri ndiye aliyemfundisha lugha hiyo, naye Waitara aliipenda hadi akasahau kula.

Mchana mmoja alimaliza kutafsiri barua ya askari. Mafunjo yalikuwa yameliwa na wadudu, lakini mstari wa mwisho ulisomeka: “Wewe utakayeipokea, msomee mama upesi.”

Kalamu ikasimama. Ndani ya kamusi yake ilikuwamo bahasha ya mdogo wake, askari wa KAR, jeshi la Waingereza, iliyofika wiki tano zilizopita. Alikuwa amepanga kumpelekea mama yao Jumapili, lakini kila Jumapili picha zile zilimshika.

Akaichukua, akaenda kwa mama yake, kijijini Matongo, karibu mbio.

“Shikamoo, mama. Barua imekuja.”

Mama aliacha kupepeta ulezi, akajifuta mikono, akaketi magoti yao yakigusana.

“Soma, mura, mwanangu. Polepole.”

Waitara akaichana bahasha, akasoma. “Tunapelekwa vitani Malaya, huko Asia. Gari letu litasimama Tarime tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi. Mama aje nimwone kabla sijavuka bahari.”

Uso wa mama ukachangamka.

“Nitambebea kuku wa kukaanga,” alisema. “Kwani leo ni tarehe ngapi?”

Waitara hakuweza kumtazama.

“Ishirini na tisa, mama.”