Fundo la Aziza

Avoka niliyepewa na tribunali alisimama kunitetea. Faili yangu ilibaki mezani, imefungwa kwa ukanda wa kitenge cha Aziza, mke wangu. Fundo lile alilikaza kwa meno, akaipeleka faili mwenyewe kwa avoka Jumatatu. Halikuguswa.

Ndani mlikuwa na karatasi moja tu, ya hospitali. Ilionyesha kwamba wiki ile simenti niliyoshtakiwa kuiba ilipotoweka katika depo ya mtaa wa Kasuku, mimi nilikuwa kitandani huko Lubutu, malaria imenilaza.

Avoka akanyoosha kola ya koti lake la abakosti. Akakisifu Chama. Akamsifu Kiongozi. Akasifu hata barabara zetu, na viatu vyake vimejaa matope! Jina langu hakulitaja hata mara moja.

"Kuhusu huyu muntu," akamalizia, "ninaiachia tribunali, iamue kwa hekima yake."

Chama kikishasifiwa, hapa Kindu kila mtu anapiga makofi, na asiyepiga anaandikwa jina. Chumba kizima kikasimama. Polisi wakapiga. Aziza naye akapiga, machozi yakimtiririka.

Mimi niliruka hadi mezani, nikalishika lile fundo. Kucha zikashindwa. Nikaling'ata mpaka likaachia, nikainua ile karatasi juu kwa mikono miwili.

Makofi yakakoma. Jaji, ambaye asubuhi nzima hakuniuliza neno, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Sitwayeni," akasema, kama kila raia anavyoitwa, "mbona wewe hukupiga makofi?"