Bakuli la Tatu

Siku ya Idd, mama wa marehemu rafiki yao aliwawekea Saburi na mwenzake mabakuli matatu ya ugali mkekani, akarudi jikoni.

Saburi alilitambua la tatu, lile la bati lililobanduka rangi ukingoni. Mwaka tisini na moja, jandoni, rafiki yao alifariki siku ya nne, na wazee wakawakataza kumwambia mama yake. Mama akaendelea kumpelekea chakula katika bakuli hilo. Mwezi mzima walikila wao wawili, bakuli likirudi tupu, naye akifurahi kwamba mwanawe anakula vizuri.

Mwenzake, siku hizi mwalimu mkuu wilayani Ruangwa, alimaliza la kwake, akalivuta la tatu.

"Rudisha!" Saburi alifoka. "Miaka thelathini na miwili hujashiba tu?"

"Punguza sauti. Kwani wewe hukula?"

"Nilikula! Ndiyo maana leo namwambia mama yake."

Kwenye ugali wa bakuli la tatu likatokea tundu, kisha lingine: alama za vidole vidogo, na mkono hauonekani. Mwalimu mkuu akalisukuma bakuli kwa mguu.

"Mwacheni mwenzenu ale," mama alisema mlangoni. "Ninyi mlishakula chake."